Mbio za Bayi za 1974: Jinsi ya Kuzitazama Upya Ukiwa Arash

Mbio zenyewe hazifiki dakika nne. Filbert Bayi, kijana wa Karatu aliyekuwa na umri wa miaka 20, alizikimbia tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alimaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia, na alifanya hivyo akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa shabiki wa Arash wilayani Ngorongoro, wa Karatu au wa popote katikati ya hapo, sijui shindano la zamani linalostahili kurudiwa kuliko hili. Bando halitaumia, betri haitaisha, na jioni moja inatosha kulitazama mara nne au tano.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalitazama kwa pupa. Tunasubiri mita mia za mwisho, tunashangilia, tunazima. Tukifanya hivyo tunaondoka na hadithi iliyokatwa nusu: kwamba palikuwa na kijana jasiri aliyefyatuka kama aliyekurupushwa na simba, akabahatika kutokamatwa. Sivyo ilivyokuwa. Ushindi ule ulitengenezwa mapema, katika mzunguko wa tatu, mahali ambapo karibu kila mtazamaji anachukua nafasi ya kunywa maji. Mwongozo huu unataka ukauone mzunguko huo.

Kuipata video, na kuipata iliyo nzima

Usisubiri uwe kijijini ndipo utafute. Ukishuka Wasso kwa shughuli zako, au ukiwa Karatu au Mto wa Mbu ambako mtandao haukatikikatiki, ingia YouTube uandike jina la Bayi, jina la mpinzani wake Walker, neno Christchurch na mwaka 1974. Zitakuja video kadhaa. Nyingi ni vipande: mzunguko wa mwisho peke yake, au makala ya kumbukumbu yenye picha za mbio zilizokatwakatwa huku mtu akizungumza juu yake. Hizo ziache kwanza. Unachotaka ni video inayoanza wakimbiaji wakiwa wamejipanga na inayoendelea bila kukatwa hadi wamalize. Angalia urefu wake: chini ya dakika tatu na nusu, huenda kuna kilichoondolewa.

Mkipanga kuonyeshana na wenzako mahali mtandao unapokuja na kuondoka, ihifadhi ndani ya simu kabisa, kisha mrushiane simu kwa simu. Chagua ubora wa kati, kwa maana picha za mwaka 1974 hazitaongezeka uzuri hata ukizipakua kwa ukubwa wa juu kabisa. Picha utakazoziona ni za rangi. New Zealand ilikuwa imeanza matangazo ya televisheni ya rangi miezi michache tu kabla, Oktoba 1973, na michezo hii ilikuwa sababu mojawapo ya kuharakisha.

Kama kuna banda la video kijijini au shule yenye projekta, omba nafasi kabla ya mechi ya jioni. Mwenye banda hatakukatalia dakika nne. Mpelekee ikiwa kwenye flashi, na ujaribu mapema kama mashine yake inaisoma. Spika iwe na chaji ya kutosha, hasa kama mnategemea sola na siku ilikuwa ya mawingu.

Wajue watu sita kabla hujabonyeza

Mbio za wageni watupu hazina utamu. Dakika tano za kuwatambulisha wakimbiaji zinabadilisha kila kitu, kwa hiyo zitumie.

Bayi umeshamjua. Ongeza haya: mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich akakimbia mita 1500 na mita 3000 kuruka viunzi na maji, asivuke kote kuwili. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500, na Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka 1968. Baadaye mwaka huohuo wa 1973 alizunguka Ulaya akikimbia kwa mtindo wake wa kutoka mbele mapema. Mjini Stockholm, katika mbio za maili moja, Mkenya Ben Jipcho alimfikia na kumpita. Kumbuka jambo hili. Wale waliojipanga naye Christchurch walijua kwamba Bayi hukimbia mbele, na walijua pia kwamba anakamatika.

Jipcho mwenyewe ndiye mtu wa pili wa kumjua. Alikuja kwenye mstari akiwa tayari ameshinda dhahabu mbili katika michezo hiyohiyo, ya mita 5000 na ya kuruka viunzi na maji. Alikuwa na uchovu wa siku nyingi miguuni, lakini hakuna aliyethubutu kumpuuza. Mkenya mwenzake, Mike Boit, alikuwa mkali wa mita 800.

Wenyeji walikuwa na wawili. Rod Dixon alikuwa ameshachukua shaba ya Olimpiki ya 1972 katika umbali huuhuu. John Walker, mwenye miaka 22, hakuwa na jina kubwa bado. Utamtambua upesi: nywele ndefu, fulana nyeusi. Wa sita ni Brendan Foster wa Uingereza, aliyekuwa amebanana na Jipcho hadi hatua za mwisho kwenye mita 5000.

Rekodi ya dunia waliyokuwa wakiikimbilia ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1, ya Jim Ryun wa Marekani, iliyowekwa Los Angeles mwaka 1967. Ilikuwa imekaa miaka sita na nusu bila kuguswa. Andika namba hiyo mahali watazamaji wote wataiona.

Kuna habari moja zaidi ambayo wazee wataielewa kuliko vijana. Mbio hizi zilikaribia kutokuwapo. Timu ya raga ya Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa imealikwa New Zealand mwaka 1973, na nchi za Afrika zilikuwa tayari kuisusia Christchurch kwa sababu hiyo. Serikali ya Norman Kirk ikaifuta ziara ile. Ndiyo maana Watanzania na Wakenya walikuwa kwenye mstari siku ile.

Mara ya kwanza: acha ipite

Itazame nzima bila kusimamisha na bila kueleza. Zima sauti ukipenda, maana watangazaji wanasema Kiingereza na kelele zao za mwisho zinakuambia mapema nini cha kuhisi. Mtu akiuliza, mwambie asubiri.

Jambo moja tu waeleze kabla: jinsi mita 1500 zinavyokaa uwanjani. Uwanja ni mita 400. Mbio zinaanzia ng'ambo, upande wa pili kutoka mstari wa kumalizia, mwanzoni mwa mnyoofu wa nyuma. Wanakimbia mita 300 hadi kufika mstari wa kumalizia mara ya kwanza, kisha wanabaki na mizunguko mitatu kamili. Kengele hulia wanapopita hapo mara ya tatu, ikiwa imebaki mita 400. Asiyejua hili atadhani mbio zimekwisha wakati bado, au atapigwa na butwaa zinapoisha.

Watazame watu wako wakati wa mzunguko wa kwanza na wa pili. Bayi anafungua pengo kubwa, mita nyingi za uwanja mtupu kati yake na kundi. Hapo utasikia mtu akisema, "Huyu atakufa." Ni itikio la haki. Watu wengi waliokuwa uwanjani walifikiri hivyohivyo.

Mara ya pili: saa mkononi

Sasa ndipo kazi inapoanza, na hapa nakuomba usiwe na haraka.

Chukua simu nyingine yenye saa ya kupimia sekunde. Mmoja ashike video, mwingine ashike saa. Bonyeza bastola inapolia. Kisha tafuta mahali walipoanzia, pale mwanzoni mwa mnyoofu wa nyuma. Kila Bayi anapopita sehemu ile amekamilisha mita 400 nyingine: 400, 800, 1200. Andika muda wa kila mara. Kamera ikihama na kukuficha mstari, kadiria kwa kuangalia kona inapoishia. Kosa la nusu sekunde halitakuharibia hesabu.

Kwanza lakini ipime video yenyewe. Tangu bastola hadi Bayi anapomaliza, saa yako inapaswa kusoma dakika 3 na sekunde 32. Nakala za filamu za zamani mara nyingine huenda haraka kuliko ilivyokuwa kweli, kwa sababu ya namna zilivyohamishwa kutoka filamu kwenda televisheni. Ukipata dakika 3 na sekunde 24, kwa mfano, video yako inakimbia. Usiitupe. Chukua kila muda ulioandika, zidisha kwa 212, gawanya kwa jumla ya sekunde ulizopata wewe, na namba zitakaa sawa. Kazi hii mpe mwanafunzi wa sekondari. Ataifurahia kuliko hesabu za ubaoni.

Ukimaliza utakuwa na kitu kinachofanana na hiki. Mita 400 za kwanza, sekunde 54 na kitu. Mita 400 za pili, sekunde 57 na kitu. Za tatu, sekunde 58 na kitu, zikiegemea 59. Na mita 300 za mwisho, sekunde 41 na kitu.

Tulia hapo. Namba ya mwisho ni ya mita 300, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa na zile nyingine hivihivi. Igawe kwa tatu, uzidishe kwa nne. Utapata mwendo wa sekunde 55 hivi kwa mzunguko. Maana yake ni kwamba Bayi alimaliza kwa kasi karibu sawa na ile aliyoanza nayo, na kwa kasi kubwa zaidi kuliko mizunguko yote miwili ya kati. Mtu aliyekufa hakimbii hivyo. Mzunguko wake wa polepole kuliko yote ulikuwa wa tatu, na haukuwa wa polepole kwa sababu ya kuishiwa.

Rudisha video hadi mita 800, uutazame mzunguko wa tatu peke yake, mara mbili ikibidi. Kundi linasogea. Kila anayetazama kwa macho matupu anasema wanamkamata. Wanaomfukuza nao wanaamini hivyo, na wanatumia nguvu ili pengo lipungue. Bayi anapumzika. Anapumzika akiwa mbele, mbele ya macho ya uwanja mzima, na anawaacha wenzake walipe gharama ya kumfikia. Wanapomfikia, yeye ana mita 300 za nguvu alizoziweka, nao wameshalipa.

Kwa mzee ambaye hesabu za sekunde hazimwambii kitu, eleza kwa mfano wa mtu anayepeleka ng'ombe kwenye maji ya mbali wakati wa kiangazi. Anatoka alfajiri kwa mwendo mkali, jua likiwa kali anaacha mifugo ijiburute, na kiu inapoanza kuwa hatari anakuwa na ng'ombe wenye miguu bado. Aliyechelewa kutoka analazimika kukimbiza kundi lake mchana kweupe ili amfikie.

Naona hili ndilo jambo kubwa kuliko rekodi yenyewe. Tumezoea kusikia kwamba wakimbiaji wa kwetu walishinda kwa mapafu ya nyanda za juu na kwa kukimbia kwenda shule. Hayo yana nafasi yake. Lakini kijana wa miaka 20 aliyekuwa ameshaonyeshwa Stockholm kwamba anakamatika alikwenda New Zealand na njia ileile, akiwa amejifunza mahali pa kuweka pumziko. Ile ni akili, na inaonekana kwenye saa yako.

Mara ya tatu: mfuate Walker

Sahau kwamba Bayi yupo. Weka jicho kwenye fulana nyeusi, zile nywele ndefu, toka mwanzo hadi mwisho. Utaona mbio nyingine kabisa. Walker hana haraka mwanzoni, yumo ndani ya kundi, na anakuja juu mbio zinapokaribia kuisha. Kwenye mnyoofu wa mwisho anamkaribia Bayi kiasi kwamba uwanja mzima, uliojaa watu wa nchi yake, unasimama.

Hakumfikia. Alimaliza kwa 3:32.52, na kwa mwendo waliokuwa nao tofauti hiyo ni kama mita mbili na nusu. Sasa iangalie ile namba uliyoiandika kwa ajili ya watazamaji: 3:33.1. Walker naye alikimbia chini ya rekodi ya dunia ya zamani, na akapata fedha. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.16, Dixon wa nne kwa 3:33.89, Mwaustralia Graham Crouch wa tano kwa 3:34.22. Karibu katika siku nyingine yoyote hadi wakati huo, mtu wa tatu wa Christchurch angeondoka na dhahabu na kichwa cha habari.

Ndiyo maana nasema usimdharau aliyeshindwa kwenye video hii. Mwaka uliofuata, 1975, Bayi alivunja rekodi ya maili moja mjini Kingston, Jamaika, kwa 3:51.0, na miezi mitatu baadaye Walker akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia maili chini ya 3:50. Walikuwa wanasukumana. Mwaka 1976 dunia ilisubiri wakutane Montreal. Safari hii New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini, nchi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwa miongoni mwao, na Walker akachukua dhahabu bila Bayi. Sisi tuliokuja baadaye tunaweza kusikitika kwa ajili ya mbio ambazo hazikufanyika na bado tukakubali kwamba nchi ilifanya haki. Mambo hayo mawili hayapingani.

Mara ya nne: itazame na wazee

Kama una jioni moja tu, itumie kwa hili.

Mwaka 1974 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa imezindua ya kwake Januari mwaka huohuo, lakini huku kwetu habari zilikuja kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa gazeti lililochelewa, au kwa mdomo wa mtu aliyetoka mnadani. Wakati ule Christchurch ilikuwa mbele yetu kwa saa tisa. Mchana wao ulikuwa alfajiri au asubuhi yetu. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini na kitu ambaye amelibeba jina la Bayi maisha yake yote yawezekana kabisa hajawahi kumwona akikimbia. Kwa watu wa rika lake, kuitazama video hii si kurudia. Ni mara ya kwanza.

Mwendee kwa adabu ya nyumbani. Vijana wainamishe kichwa waguswe, salamu iishe, chai ifike, ndipo simu itoke mfukoni. Tumia kioo kikubwa kadiri unavyoweza, na mkalishe kivulini au ndani, kwa sababu mwanga wa nje unaua picha za zamani. Kama Kiswahili si lugha anayoipenda kwa mazungumzo marefu, mtafute kijana mmoja anayesimulia vizuri atangaze kwa Kimaasai wakati video inaendelea bila sauti. Mfundishe mapema mambo matatu tu ya kutaja: umbali uliobaki, pengo ni la hatua ngapi, na nani anasogea. Mengine atayatia mwenyewe, na utashangaa jinsi mtangazaji wa nyumbani anavyowasha watu kuliko yule wa kwenye video.

Baada ya hapo usimuulize mzee kama anamkumbuka Bayi, maana atajibu ndiyo na mazungumzo yatakufa. Muulize alisikia kutoka kwa nani. Muulize redio ilikuwa ya boma gani, na betri zilinunuliwa wapi. Muulize mwaka ule yeye na mifugo walikuwa upande gani, kwa sababu 1974 ulikuwa mwaka wa njaa na wa operesheni ya vijiji nchi nzima, na kumbukumbu za watu hushikamana na mambo hayo. Wakati ule Karatu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, na Wilaya ya Ngorongoro yenyewe haikuwepo. Jina la Bayi lilikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo watu wa pande zote mbili za kreta walijivunia kwa pamoja. Waulize na kina mama na kina koko, yaani bibi zetu, wasibaki jikoni wakati wanaume wanakumbuka. Wao ndio mara nyingi waliokuwa nyumbani redio ikilia.

Akikubali, rekodi sauti yake. Taja tarehe na mahali mwanzoni mwa rekodi, kisha hifadhi nakala mbili kwenye simu mbili tofauti.

Siku inayofuata: uwanja wa shule

Macho yakishaona, miguu nayo ipewe zamu. Chukua kamba ya mita 50, ipime mara mbili kwenye uwanja wa shule, weka alama mwanzo na mwisho. Hizo ni mita 100. Wastani wa Bayi kwa kila mita 100 za mbio zile ulikuwa sekunde 14.1. Mpange mwanafunzi mwenye mbio akimbie mita hizo kwa sekunde 14. Atafanya bila taabu, atarudi akicheka. Mwambie azikimbie tena papo hapo, kisha tena. Waliobaki wahesabu kwa sauti. Bayi alizikimbia mara 15 mfululizo bila kusimama, na kwenye tatu za mwisho aliongeza.

Fanyeni asubuhi kabla jua halijakaza, wapashe miili moto kwanza, na pawe na maji. Wasichana wapimwe kwa saa ileile, kwenye mstari uleule, siku ileile.

Usiishie Christchurch

Ukitaka kuielewa njia ya Bayi hadi mwisho, tafuta pia fainali ya mita 3000 kuruka viunzi na maji ya Olimpiki ya Moscow, 1980. Bayi anaongoza tena, anafungua pengo tena, watazamaji wako watasema tena kwamba wanajua mwisho. Safari hii Bronisław Malinowski wa Poland anamfikia katika mzunguko wa mwisho na kumpita. Bayi alipata fedha kwa 8:12.48. Zitazame video mbili hizi jioni moja, ile ya 1974 kwanza, na umwachie kila mtu aseme palipotofautiana. Mimi naamini ni viunzi: huwezi kupumzika mbele wakati kila mita themanini hivi unalazimika kuruka. Mwingine atasema ni umri, au ni Malinowski tu. Mabishano ya aina hii ndiyo chakula cha shabiki.

Kwa vijana wanaoamini kwamba mambo ya zamani yameshapitwa, waonyeshe fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, Agosti 2022. Oliver Hoare wa Australia alishinda kwa 3:30.12. Hapo ndipo rekodi ya michezo hiyo aliyoiweka Bayi ilipoondoka, baada ya miaka 48, kwenye njia bora za kukimbilia na kwa viatu ambavyo mwaka 1974 havikuwa hata ndotoni. Bayi mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na ameanzisha shule zinazobeba jina lake Kimara na Kibaha. Kisha waonyeshe Alphonce Simbu akitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiwa na muda uleule wa 2:09:48, kamera ikiamua.

Na jioni ya wanafunzi wa kike iwe ya Berlin, Septemba 2023. Magdalena Shauri alimaliza marathoni ile wa tatu kwa 2:18:41, katika mbio ambazo Tigst Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya wanawake. Matangazo yake ni marefu, yanazidi saa mbili, na sola ya kijijini haitayamaliza. Ukiwa bado kwenye mtandao, hifadhi sehemu ya mwisho tu, tangu wanawake wanapokaribia Lango la Brandenburg hadi Shauri anapovuka mstari, na uweke faili hiyo kwenye flashi moja na ile ya Bayi.